Oili Ikishamwagwa

Wenye magari na waendesha bodaboda wa Mwanza, kama wenzao wa Tanzania nzima, wanapotaka kubadilisha mafuta ya injini husema wanakwenda "kumwaga oili". Mara nyingi jambo hutendeka kama linavyosemwa. Nati ya sampu hufunguliwa, oili nyeusi hutiririkia kwenye karai au moja kwa moja ardhini, oili mpya hutiwa, injini huwashwa, na chombo hurudi barabarani. Msemo huo unaeleza vizuri jinsi oili inavyotoka kwenye injini, lakini hausemi inakoelekea baada ya hapo. Katika wilaya ya Nyamagana njia ya oili iliyomwagwa hovyo haina kona nyingi: hushuka na maji ya mvua hadi Ziwa Victoria.

Nyamagana ni moja ya wilaya mbili ambamo mji wa Mwanza umeenea, nyingine ikiwa Ilemela, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Nyamagana peke yake karibu watu 600,000. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya vilima vya majabali, ndiyo maana Mwanza ikaitwa Jiji la Miamba. Juu ya mwamba udongo ni haba. Mvua za vuli na masika zikinyesha, maji hayapati pa kuzama. Huteremka kwa kasi kati ya nyumba, yakaingia kwenye mitaro na makalavati, mengine yakafuata Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, mengine yakaenda ziwani moja kwa moja kupitia vijito vya upande wa Igogo na Mkuyuni. Kile kilichomwagwa uani Mabatini wakati wa kiangazi hukaa pale pale kikisubiri, na mvua ya kwanza hukichukua.

Ziwa lenyewe ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba haliwezi kuchafuliwa na galoni moja. Lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Lakini si ziwa lenye kina kirefu: kwa wastani ni mita 40 tu. Tena maji yake hayabadilishwi haraka. Mto mmoja tu hutoka humo, Nile, unaoanzia Jinja nchini Uganda, na sehemu kubwa zaidi ya maji huondoka kwa njia ya mvuke. Mvuke haubebi madini ya risasi wala masizi. Vinavyoingia na tope la mjini huelekea kutuama karibu na ufuko, kwenye ghuba zilezile ambazo watu huvulia sato, huanikia dagaa na kuchota maji. Na maji ya bombani ya jiji hutoka humo humo: mitambo ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, iko Capri Point, na mingine imejengwa Butimba, yote ndani ya Nyamagana. Mitambo hiyo huchuja tope na kuua vijidudu kwa klorini. Klorini ni silaha nzuri dhidi ya kipindupindu, ila haiondoi oili iliyokwisha kuchanganyika na maji.

Hesabu ndogo husaidia kuona ukubwa wa jambo. Gari aina ya Toyota IST, lililojaa katika mitaa ya Mwanza, huchukua oili ya injini lita 3.7 pamoja na filta. Oili ikimwagika juu ya maji matulivu husambaa na kuwa utando mwembamba sana, ule unaong'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Utando wa unene wa nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita bado huonekana kwa macho, na kwa unene huo lita 3.7 hutosha kutandaza mita za mraba 7,400. Uwanja wa mpira wa kimataifa, wa mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140. Oili ya gari dogo moja, kwa hiyo, inaweza kufunika uwanja mzima wa mpira. Chini ya utando huo hewa ya oksijeni haiingii majini ipasavyo, na mayai ya samaki pamoja na viluwiluwi vilivyo kwenye mafunjo ya ufukweni hugusana na sumu moja kwa moja. Shirika la mazingira la Marekani limekuwa likitumia kipimo kingine kuwaonya wananchi wake: galoni moja ya oili chafu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji ya kunywa.

Oili mpya na oili chafu si kitu kimoja chenye rangi mbili. Oili inapofanya kazi ndani ya injini huokota vumbi la vyuma vinavyosuguana: chuma, shaba, alumini, kromiamu, na wakati mwingine risasi. Zinki huwamo tangu kiwandani, kwa kuwa ni sehemu ya dawa inayoongezwa kuzuia kulika kwa vyuma. Joto na moshi wa petroli au dizeli huiongezea masizi na kundi la kemikali ziitwazo hidrokaboni za pete nyingi, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Ndiyo maana mamlaka za afya kazini huonya kwamba kugusa oili ya injini iliyotumika kila siku, kwa miaka, kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Mtu aliyeshika mara moja hana haja ya kuogopa. Wa kuhofiwa ni fundi ambaye mikono yake haikauki oili, na ambaye jioni hunawa kwa petroli. Petroli huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuifungulia sumu njia. Njia bora ni kujipaka kwanza mafuta ya kupikia kidogo, kusugua, kisha kunawa kwa sabuni na maji ya kutosha. Glavu za mpira ni bora kuliko yote hayo.

Hata hivyo, na hapa ndipo wengi hupotea, oili chafu haijafa. Mafuta yenyewe hayachakai. Yanachafuka, na dawa zilizoongezwa ndani yake zinakwisha. Yakisafishwa kiwandani kwa kuchemshwa na kuchujwa hurudi kuwa oili nzuri. Kwa mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, huhitajika takriban lita 160 ili kupata lita mbili na nusu hivi za oili ya injini. Kwa oili chafu, lita zisizozidi nne hutoa kiasi hicho hicho. Ikishindikana kusafishwa, bado ni nishati: viwanda vya saruji huweza kuichoma ndani ya matanuri ambamo mawe ya chokaa hufikia joto la nyuzi 1,450 hivi, joto linalovunjavunja kemikali zake, huku sehemu kubwa ya madini ikinaswa ndani ya saruji. Kwa sababu hiyo oili chafu ina bei. Hununuliwa kwa pipa, na anayeinunua hutazama jambo moja kabla ya mengine yote: je, imechanganywa na kitu kingine?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi nzima ya mtu anayehudumia gari lake nyumbani. Oili chafu iliyo peke yake ni bidhaa. Oili chafu iliyotiwa maji ya rejeta, petroli au mafuta ya breki ni mzigo ambao hakuna anayeutaka, na kuutenganisha ni ghali kuliko thamani yake.

Mfano mkubwa kuliko yote wa hatari ya kuchanganya ulitokea mbali, katika mji mdogo wa Times Beach, jimbo la Missouri nchini Marekani. Miaka ya mwanzo ya 1970 mji huo haukuwa na fedha za lami, ukamlipa mkandarasi apulize oili chafu kwenye barabara za vumbi, jambo ambalo hata hapa kwetu hufanywa ili kutuliza vumbi. Oili ile ilikuwa imechanganywa na taka za kiwanda cha kemikali zenye sumu ya dioksini. Farasi walikufa kwenye mazizi yaliyopuliziwa oili hiyo hiyo, na miaka ilipita kabla ya chanzo kujulikana. Mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji mzima, na wakazi wake zaidi ya 2,000 wakahamishwa. Mji haukurudi tena.

Kazi ya nyumbani huanza kabla ya spana kushikwa. Gari huegeshwa mahali tambarare, na ikibidi kuinuliwa huwekewa stendi za chuma. Jeki peke yake, au jeki na mawe, imeua mafundi wengi. Injini huachwa ikiwaka dakika chache ili oili ilegee na kubeba uchafu, ila isifikie kuunguza. Chini ya sampu huwekwa beseni pana lenye ujazo unaozidi oili yote ya injini. Beseni hilo likishatumika kwa kazi hii halirudi tena jikoni wala kwenye kufulia. Nati ikifunguliwa, oili huachwa idondoke hadi tone la mwisho, kwa robo saa au zaidi. Haraka ya hapa ndiyo huacha kikombe kizima cha uchafu ndani ya injini na kingine sakafuni.

Filta husahaulika. Ikitupwa jalalani ingali na oili, joto la jua na uzito wa taka huibana na kuikamua taratibu, na katika dampo la jiji, Buhongwa, mvua humalizia kazi. Filta hutobolewa upande wa juu ikingali na joto, ikapinduliwa juu ya beseni na kuachwa saa 12 au usiku kucha. Ikishakauka hivyo ni chuma chakavu cha kawaida, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosekani mjini.

Kutoka kwenye beseni, oili humiminwa kwa faneli ndani ya dumu lenye mfuniko unaokaza. Galoni lililotoka na oili mpya ndilo chombo bora, kwa kuwa plastiki yake imetengenezwa kwa ajili hiyo. Halijazwi hadi mdomoni. Huachwa nafasi ya vidole viwili, kwa sababu mafuta hupanuka kwa joto. Huandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika, OILI CHAFU, na tarehe, kisha huwekwa kivulini, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto. Chupa za soda, maji na juisi ni marufuku katika kazi hii. Familia nyingi nchini zimewahi kumkimbiza mtoto hospitali kwa kunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, na vimiminika vya gari vina sumu kali kuliko mafuta ya taa.

Kikidondoka kitu sakafuni, silika ya wengi ni kufungulia maji na sabuni ya unga. Sabuni huivunja oili vipande vidogo visivyoonekana na kuisafirisha hadi mtaroni, kwa hiyo sakafu hung'aa na ziwa hulipa. Kinachofaa ni kitu kikavu cha kunyonya: maranda ya seremala, mchanga, au pumba za mpunga, ambazo mkoa wa Mwanza na jirani zake hawana uhaba nazo. Hutandazwa, hukanyagwa kidogo kwa kiatu, huachwa saa moja, hufagiliwa na kutiwa kwenye mfuko uliofungwa. Mfuko huo nao ni taka yenye oili. Hupelekwa pamoja na oili, hautupwi na maganda ya ndizi.

Kulanti ni habari nyingine, na ni ya kutisha zaidi kuliko oili ingawa haionekani hivyo. Kipoza injini hiki, kinachotiwa kwenye rejeta, huwa cha kijani, chekundu au buluu, kinapendeza macho, na kina ladha tamu. Utamu huo hutoka kwenye ethilini glikoli, kemikali inayozuia maji kuganda na kuchemka mapema. Mwilini, ini huigeuza kuwa asidi zinazoharibu ubongo, moyo na hatimaye figo, ambamo hujenga chembe kali kama vumbi la kioo. Kiasi kisichozidi nusu glasi chaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto, mbwa, mbuzi au kuku anayekuta dimbwi dogo chini ya gari, funda chache zinatosha. Anayekunywa huonekana kwanza kama mlevi, hujikwaa na kuropoka. Baada ya hapo huweza kuonekana amepata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo huwadanganya watu wakabaki nyumbani. Figo huanza kukataa siku ya pili au ya tatu. Dawa ipo na hufanya kazi ikiwahi. Mtu aliyekunywa kulanti hatapishwi wala hapewi maziwa asubiriwe. Hukimbizwa hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, na chombo cha kulanti hubebwa pamoja naye ili daktari ajue anatibu nini.

Mwanza haina baridi ya kugandisha maji, na madereva wengi hutia maji ya bomba kwenye rejeta. Maji matupu yenye kutu hayana hatari kubwa, mbali na kuiozesha injini. Lakini rejeta iliyowahi kutiwa kulanti hata mara moja, maji yote yanayotoka humo yahesabiwe kuwa kulanti, hata yakiwa na rangi hafifu. Kama imemwagwa kwa ajili tu ya kutengeneza rejeta au pampu ya maji na bado ni safi, huchujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye gari lile lile. Ikiwa imechakaa, hukaa kwenye dumu lake, lenye jina lake, hadi ikabidhiwe. Chooni si mahali pake. Choo cha shimo kwenye mlima wa mawe huwa kifupi, na mvua kubwa huweza kukifurisha. Choo kilichoungwa kwenye bomba la majitaka hupeleka kila kitu kwenye mabwawa ya kusafishia, ambako bakteria ndio wafanyakazi. Oili na kulanti kwa wingi huwaua au kuwanyima hewa bakteria hao, na bwawa lisilo na bakteria hai haliwezi kusafisha chochote.

Mafuta ya breki huwa machache, mara nyingi chini ya lita moja, lakini hayana urafiki na chochote. Hubabua rangi ya gari, hunyonya unyevu wa hewa, na yakitiwa kwenye dumu la oili chafu huiharibu yote. Huwekwa peke yake. Mafuta ya giaboksi na haidroliki ya usukani yana asili moja na oili ya injini, kwa hiyo hayo yanaweza kukaa nayo dumu moja bila madhara. Petroli iliyochacha ni hatari kwa namna nyingine kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na kufika kwenye jiko la mkaa la jirani bila kuonekana. Moto wa lori la mafuta la Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ulioua zaidi ya watu 100, uliwaonyesha Watanzania wote jinsi moto wa petroli usivyompa mtu nafasi ya kukimbia. Petroli ya zamani kidogo, isiyo na maji wala kutu, huchanganywa kwa kiasi kidogo kwenye tangi lenye petroli mpya; iliyoharibika kabisa hupelekwa gereji ndani ya dumu la mafuta lililofungwa, kamwe si kwenye mtaro.

Gesi ya kiyoyozi cha gari haifunguliwi nyumbani. Gesi ya R-134a iliyomo kwenye magari mengi hupasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa, na ni miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza katika mkutano wa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuinyonya.

Ya betri yanastahili kusemwa polepole. Maji ya betri ni asidi ya salfa, theluthi moja hivi ya uzito ikiwa asidi yenyewe, na ndani yake mna risasi iliyoyeyuka. Baadhi ya watu huimwaga asidi ili kupunguza uzito kabla ya kuuza betri kama chuma chakavu. Hilo ndilo kosa baya kuliko mengine yote yanayofanywa uani. Asidi huunguza macho na ngozi, lakini hatimaye huisha nguvu, risasi haiishi. Hubaki kwenye udongo ambao watoto wanachezea, na ubongo wa mtoto ndio huumizwa kwanza. Betri huuzwa nzima, imesimama wima, na maji yake ndani. Ikipasuka kwa bahati mbaya, asidi hunyunyiziwa magadi au chokaa hadi iache kutoa mapovu, kisha udongo ule hukusanywa kwa koleo, si kwa mkono. Kinachotokea risasi ya betri ikishughulikiwa kiholela kilionekana Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi hadi mwaka 2014. Mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake ana risasi kwenye damu, akaanza kudai haki, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo haziwezi kuirudisha akili iliyopotea.

Zipo njia za kale za kuitumia oili chafu ambazo hazistahili sifa zilizopewa. Kuipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa ni desturi iliyoenea. Huzuia kwa muda, kisha mvua huiosha na kuipeleka bustanini na kisimani. Kuwapaka mbuzi na ng'ombe ili kuua kupe huwatia sumu kupitia ngozi, na ng'ombe hulamba. Kuichoma kwenye tanuri la matofali au jiko la kawaida hakufikii joto la kuiharibu, hivyo madini yake hupanda na moshi na kushukia mtaa mzima. Mafundi ujenzi huipaka mbao za zege zisigandamane. Hapo madhara ni madogo zaidi, ingawa mafuta mapya ya kazi hiyo ni salama zaidi kwa mikono yao.

Kisheria jambo hili halina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasimamisha kanuni ya mchafuzi kulipa, na inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Oili iliyotumika imo katika orodha ya taka hatarishi ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ni mwanachama, na mwenye kukusanya au kusafirisha taka za namna hiyo kibiashara hutakiwa kuwa na kibali kinachosimamiwa na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: anayepita mtaani kununua oili chafu kwa pikipiki yenye madumu aulizwe kibali chake. Asipokuwa nacho, hakuna ajuaye galoni hilo litaishia wapi.

Njia iliyo karibu zaidi na mwenye gari wa Nyamagana ni gereji au kituo cha mafuta chenye sehemu ya kuhudumia magari na pipa la kukusanyia oili. Mwenye pipa huuza kwa wakusanyaji, kwa hiyo lita nne za nyongeza, zikiwa safi na hazijachanganywa, hazimpi hasara. Kampuni za mabasi na malori nazo huwa na mapipa ya namna hiyo. Kwa kulanti na mafuta ya breki, ambavyo soko lake ni dogo, gereji kubwa ndiyo ya kuulizwa kwanza, kisha afisa mazingira wa kata au wa Jiji, na ofisi ya NEMC ya kanda. Vimiminika hivi haviozi. Vikifungwa vizuri vinaweza kusubiri miezi kivulini, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvikimbizia mtaroni. Waendesha bodaboda, ambao kila mmoja humwaga takriban lita moja kila baada ya wiki chache, wana nafasi nzuri zaidi kuliko wote. Kijiwe chenye pikipiki 20 kikiwa na dumu moja la lita 20 hulijaza kwa mzunguko mmoja, na dumu lililojaa lina mnunuzi.

Nchi nyingine zimelirahisisha jambo hili kwa kulibebesha duka. Ujerumani humlazimisha kisheria muuzaji wa oili ya injini kupokea bure oili chafu kwa kiasi kile kile alichouza. Afrika Kusini ina taasisi iliyoundwa na kampuni za mafuta mwaka 1994 kwa kazi ya kukusanya oili chafu tu. Halmashauri ya Jiji na wafanyabiashara wa oili wa Mwanza hawahitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza na pipa moja mbele ya kila duka kubwa la vipuri, lenye mfuniko na maandishi ya Kiswahili yanayosomeka. Galoni lililotoka dukani na lita 4 za oili mpya linatosha kuirudisha ile ya zamani.